Damu Kabla ya Ukurasa wa Kumi na Moja

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo na Lamont Pettiford alikuwa ameuza vitabu viwili tu, na kimoja kati ya hivyo kikarudishwa kabla ya saa sita mchana. Mwanamke aliyekirudisha alikibwaga mezani pale barabara ya Fulton, Brooklyn, mbele ya kadamnasi.

"Kaka, nimefika ukurasa wa sitini na bado watu wanatafuta waya," alisema. "Waya! Nirudishie dola zangu kumi."

Lamont akamrudishia. Kitabu chenyewe kilikuwa na mchirizi wa kahawa, hakiuziki tena. Kwa kuwa meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi na ilikuwa ikitikisika tangu asubuhi, aliinama, akakisukumia kitabu chini ya ule mguu, akakikaza kwa utepe wa gundi. Meza ikatulia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza kitabu kile kumletea.

Hatua tatu pembeni, Skeeter, muuza vitabu mwenzake, alikuwa anauza vyake kama maandazi ya moto. Kila jalada lilikuwa na mwanamke mwenye nguo ndogo na bastola kubwa. Skeeter alikuwa hajasoma hata kimoja, na wala hakuona haja. "Muuza nyama halazimiki kumjua ng'ombe," alipenda kusema.

Sisi wa Fulton tunaijua desturi ya meza hizi. Unaruhusiwa kusoma kurasa kumi umesimama, bure, hakuna wa kukusemesha. Ukifungua ya kumi na moja, mwenye meza anakohoa. Ukiendelea, anakuuliza kama kwenu hakuna viti. Kwa hiyo mambo yote ya biashara huamuliwa ndani ya zile kurasa kumi, na mwandishi asiyejua hilo atabaki kuhesabu mabasi yanayopita.

Siku hiyo akaja Preston Yarborough, mchapishaji, mwenye koti la ngozi mwezi wa Juni. Alikichukua kitabu cha Lamont, *Waya wa Taa*, akasoma kurasa kumi kwa utulivu huku jasho likimtiririka shingoni.

"Unaandika vizuri mpaka nimeudhika," alisema. "Haya, nani anakufa?"

"Hafi mtu. Yaani, Curtis anakufa, lakini mwishoni kabisa."

"Anakufaje?"

"Pumu."

Preston alivua miwani. "Pumu! Umemuua shujaa wako kwa pumu? Ndugu yangu, wateja wangu wenyewe wana pumu. Watoe dola kumi na tano wakasome habari za pumu?"

"Hiki si kitabu cha risasi, mzee. Hii ni fasihi ya hip hop." Lamont alilisema neno hilo kwa heshima, kama mtu anayemtaja shangazi aliyesoma. "Kisome kwa sauti uone. Sentensi zinakwenda na ngoma. Ni habari za vijana waliofungua nguzo ya taa ya barabarani, wakavuta umeme, wakachezesha santuri mtaa mzima bure. Wewe unauza hadithi za mitaani. Hizo ni habari za watu walioivunja ile taa ili wasionekane."

"Safi sana," alisema Preston. "Maneno matamu. Sasa tazama meza ya Skeeter, halafu tazama yako, halafu uniambie nani anasomwa." Akamtolea kadi. "Elfu nane taslimu. Nataka damu kabla ya ukurasa wa kumi na moja. Huyo Curtis awe anauza unga, auawe kwa risasi. Na jaladani tuandike kwamba ni kisa cha kweli."

"Lakini si kweli."

"Ndiyo maana tunaandika, bwana. Ingekuwa kweli kusingekuwa na haja."

*

Nyumbani, jikoni kwao kulikuwa na maboksi kumi na tisa ya *Waya wa Taa*. Mlango wa jokofu ulifunguka nusu tu. Ili kula chakula cha jioni, Rochelle, mke wake, alikaa upande upande kama abiria aliyepewa kiti cha dirishani na mzigo wa mwenzake.

"Elfu nane," alisema Rochelle. Kazi yake ilikuwa kutoa watu damu za vipimo kliniki. "Mimi nawachoma watu sindano siku nzima, wananitukana, na hela yenyewe ya mboga. Wewe unapewa elfu nane kwa damu ya wino, na bado unakuna kichwa?"

"Ni Curtis, Rochelle. Ni kaka yangu."

"Badilisha jina."

"Na Mama je?"

"Mama anasoma Biblia na karatasi za bei za dukani. Hicho kitabu cha mwanamke nusu uchi atakionea wapi? Kanisani?"

Wakacheka wote wawili. Mama Earline aliishi ghorofa ya chini, na walicheka kwa sauti ya chini.

Basi Lamont akabadilisha. Mchana alikuwa mfagizi na fundi wa shule ya msingi, na kila mapumziko ya chakula alijifungia stoo na madaftari yake, kati ya ndoo na fagio. Curtis akawa Kilo. Santuri zikawa pakiti za unga. Nguzo ya taa ikang'olewa, pakawekwa gari la kifahari. Sura ya kwanza aliiandika kwa huzuni, ya pili kwa haraka, na ya tatu, tuseme ukweli, aliifurahia. Preston alimpigia simu akamwambia ana kipaji cha kuua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akaongeza maiti wawili.

Ukurasa mmoja tu hakuugusa, ule wa mbele kabisa. Aliuandika wiki ya mazishi, miaka kumi na saba nyuma, na aliupenda kuliko chochote alichowahi kuandika. Ulisema: *Kwa kaka yangu Curtis Pettiford. Kila kilichomo humu ni maisha yake.* Alikuwa ameuzoea kiasi kwamba hakuusoma tena. Na Preston, kama mjuavyo, hakuwahi kusoma kitabu chochote kwa ajili ya ukurasa wa mbele.

Siku malipo yalipoingia, Lamont na Rochelle waliyatoa yale maboksi kumi na tisa wakayapanga kando ya barabara, siku ya takataka. Mlango wa jokofu ukafunguka wote. Rochelle aliufungua na kuufunga mara tatu, hivi hivi tu.

*

*Mfalme wa Unga* kilitoka mwezi wa Oktoba. Jumanne moja, wiki mbili baadaye, Dada Wilhelmina Gaskins wa kanisani alibisha mlango wa Mama Earline akiwa na pai ya viazi vitamu iliyofunikwa kwa kitambaa.

Mama Earline alishangaa. Wilhelmina hakuwa mtu wa kutoa pai. Curtis alipofariki, Wilhelmina hakuja hata kuzika. Siku hiyo alikuwa na safari ya basi kwenda Atlantic City kucheza kamari, ambayo mpaka leo anaiita safari ya maombi.

"Earline, mpenzi wangu," alisema akiketi bila kukaribishwa. "Kumbe ulikuwa unabeba mzigo wote huu peke yako!"

"Mzigo upi?"

"Curtis. Watu watatu, Earline! Na yule wa nne kwenye lifti."

"Lifti ipi? Lifti ya jengo lile haikuwahi kufanya kazi. Mwanangu alikufa kwa sababu haikufanya kazi."

"Ndiyo, ndiyo." Wilhelmina akampapasa mkono. "Mama lazima aseme hivyo. Hata mimi ningesema hivyo. Kata pai, ule. Na yule binti mweupe wa ukurasa wa tisini, aliwahi kuja hapa nyumbani?"

"Wilhelmina, una homa?"

Ndipo kitabu kikatoka mkobani, kimefunikwa kwa jarida la kanisa ili jalada lisionekane. Mama Earline alifungua ukurasa wa mbele. Akasoma jina la mwanawe. Akafunga. Akafungua tena.

"Kiache hapa," alisema.

"Siwezi, mpenzi, kuna foleni. Wako kina dada kumi na mmoja wanakingoja, na mke wa mchungaji ndiye anayefuata."

"Wilhelmina. Kiache hapa."

Kikaachwa. Mpaka Alhamisi, lakini, na Wilhelmina alilirudia hilo mara mbili akiwa mlangoni. Jumatano ikaja pai ya pili. Alhamisi akaletwa kuku wa kukaanga. Watu ambao kwa miaka kumi na saba hawakumuuliza habari za kijana aliyekufa akihema sasa walikuja na vyakula kumpa pole kwa jambazi. Loo! Ukitaka kuombolezewa vizuri mtaani kwetu, ua kwanza.

*

Alisoma chote, kwa kioo cha kukuzia, mezani, mchana kutwa. Kisha akampigia Lamont simu, ashuke.

Lamont alikuta mezani pai mbili na kuku, havijaguswa, na kitabu katikati. Alijua. Alibaki amesimama.

"Kaa," alisema mama yake.

"Mama, ni hadithi tu. Hata jina nimebadilisha."

Mama yake akamwonyesha ukurasa wa mbele. Lamont aliutazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akausoma.

"Haki ya Mungu, Mama, niliusahau."

"Ulimsahau nani?"

Juu, Rochelle alisikika akifungua jokofu.

"Mama, nielewe. Ni suala la aina ya uandishi. Ile ya kwanza ilikuwa fasihi ya hip hop, hii ni hadithi ya mitaani. Kuna tofauti. Watu wa vyuo vikuu wanafanya mikutano mizima juu ya hiyo tofauti."

"Wasipoteze nauli. Tofauti naiona mimi na macho haya mabovu. Kwenye ile Curtis anabeba spika. Kwenye hii anabeba bunduki." Alikivuta kitabu karibu. "Unajua ipi ilikuwa nzito?"

"Mama..."

"Spika, Lamont. Ghorofa tano. Lifti mbovu, na kifua kile nilichomzaa nacho. Alikufa kwenye ngazi kati ya ya nne na ya tano, ameiegemea isianguke. Na wewe ulikuwa nyuma yake. Ulibeba nini?"

Lamont aliinama akamtazama yule kuku.

"Nimekuuliza ulibeba nini."

"Waya," alisema Lamont. Alikuwa na miaka arobaini na moja na sauti yake ilitoka kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Ulibeba waya. Sikukulaumu, ulikuwa mdogo mbele yake na waya nao lazima ubebwe na mtu. Ukakaa ukaandika kitabu, ukanisomea hapa hapa, nikalia, nikasema haya, ameubeba na yeye mzigo wake. Kumbe ulikuwa unatafuta mnunuzi." Akasukuma pai upande wake. "Chukua. Hizi ni zako. Za kwangu hazikuwahi kuletwa."

Lamont akapanda ngazi na pai mbili, moja kila mkono. Rochelle aliuliza zimetoka wapi, akaambiwa, na hakuweza kula. Hilo tumwandikie, kwamba hakula.

*

Jumamosi Mama Earline alifika Fulton saa nne asubuhi. Alivaa sare yake ya kuhudumu mlangoni kanisani: gauni jeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe. Alikuja na kiti chake cha kukunja na kalamu nyekundu. Akaketi nyuma ya meza ya mwanawe, akachukua nakala ya kwanza ya *Mfalme wa Unga*, akafungua ukurasa wa kumi na moja. Pale Kilo alipompiga mtu risasi ya kwanza, akapiga mstari juu ya aya nzima, na pembeni akaandika kwa herufi za shule ya zamani: *Si kweli. Alikufa kwa pumu akibeba spika. Mimi ni mama yake. E. Pettiford.*

"Mama, unaharibu mali ya watu," alinong'ona Lamont.

"Nishike mikono basi."

Hakuna mtu wa mtaa ule anayeweza kuishika mikono iliyovaa glavu zile. Akachukua nakala ya pili.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa duka la simu. Alisoma kurasa kumi, akafungua ya kumi na moja, akaona wino mwekundu. "Ebo! Huyu ndiye mama yake? Yule mwenyewe?" Akanunua. Akaenda kumwita mwenzake. Mwenzake akaja na wenzake. Kufika saa saba palikuwa na foleni mpaka mlangoni pa kinyozi, na Skeeter, ambaye hakuwahi kumsifu mtu bure, alikuwa anawapanga watu na kuwaambia wasisukumane.

"Ambacho hakijaandikwa na Mama sikitaki," alisema mmoja. "Nataka chenye mkono wake."

"Mama, andika 'Kwa Terrell'. Andika 'kutoka kwa mama wa Mfalme'."

"Mwanangu hakuwa mfalme wa chochote. Alikuwa na pumu."

"Sawa, sawa, Mama. Andika na hiyo pia."

Preston alifika na koti lake, sasa limepata majira yake. Alisoma yale maandishi mekundu, akaweka mkono kifuani. "Mama, wewe ni almasi! Mimi nimetafuta miaka mingi kitu cha namna hii. Lamont, kuanzia sasa ni dola ishirini. Wiki ijayo tunampeleka Harlem. Mama, hizo glavu usizivue."

Mama Earline aliitazama kalamu. Alikuwa ameandika neno 'si kweli' mara hamsini na tano, na mara zote hamsini na tano lilikuwa limeuza uongo ule ule, na sasa bei yenyewe imepanda. Akaiweka kalamu chini. Aliumia, na kila mtu pale angeliona hilo kama angekuwa anamtazama yeye na si kitabu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye sare ya dereva wa basi, begi begani, amechoka. Hakusoma kurasa kumi. Alifungua moja kwa moja kwenye wino mwekundu, akasimama hapo kwa muda mrefu. Lamont akakohoa kwa mazoea.

"Spika hiyo ilikuwa inapandishwa wapi?" aliuliza yule mwanamke.

"Jengo la kona ile," alisema Mama Earline. "Ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa mbovu."

"Mimi naishi ya sita. Bado mbovu." Akakirudisha kitabu mezani taratibu. "Mwanangu nambeba mgongoni akishikwa na kifua. Hiki cha bunduki sikitaki, Mama, samahani. Kile cha lifti kiko wapi?"

Preston akacheka kidogo. Skeeter hakucheka. Lamont alitazama barabarani, upande ule ambako gari la takataka hupita kila Ijumaa.

"Hakipo tena," alisema. "Vilikuwa mia tisa. Nilivitupa."

"Kipo kimoja," alisema mama yake. "Nimekuwa nikikikanyaga kwa viatu tangu asubuhi. Inua meza."

"Mama, vitabu vyote vitamwagika."

"Inua meza, Lamont."

Akaiinua. Mama Earline, mwenye magoti ya miaka sabini na moja, alipiga goti kwenye lami na gauni lake jeupe. Akabandua utepe kwa kucha kupitia glavu, polepole, akakitoa *Waya wa Taa* chini ya mguu mfupi. Kilikuwa na shimo la mguu wa meza jaladani na kurasa za nyuma zimeloa. Glavu ikawa nyeusi. Akakifuta kwenye gauni, pale pale mbele.

"Dola ngapi?" aliuliza dereva.

"Kaa," alisema Mama Earline, akamsogezea kiti chake. "Hiki unasoma kurasa zote. Kisome kwa sauti, nami nisikie."

Yule mwanamke akaketi, akaweka begi chini, akaanza. Alisoma vibaya mwanzoni, halafu sentensi zikamshika na mguu wake ukaanza kugonga chini wenyewe. Watu wa foleni walisogea. Wengine waliondoka, kwa sababu hakuna aliyekufa. Preston alikuwa anaangalia saa.

Lamont alitaka kuishusha meza, lakini bila kile kitabu ilikuwa inaelemea upande mmoja, na nakala za *Mfalme wa Unga* zilikwisha kuanza kuteleza.

"Niiachie, Mama?"

"Shikilia," alisema mama yake, bila kugeuka. "Bado hajafika kwenye ngazi."